Ndege za Mbao na Gundi: Kutoka Mikoko ya Rufiji hadi Kigoma, 1914–1916

Wapenzi wa kuunda modeli za ndege za vita wana vipenzi vyao: Spitfire, Zero, Stuka. Ni wachache waliowahi kukaa na wembe, kibano na msasa wakiunda Sopwith 807, Short Folder au Short 827. Majina haya hayajulikani sana hata kwa wasomaji wa habari za Vita Kuu ya Kwanza. Kwetu sisi yana uzito, maana ndege hizi za majini, zilizoundwa kwa mbao, kitani na gundi katika karakana za Uingereza, zilikuwa miongoni mwa ndege za mwanzo kabisa kwenda vitani katika anga la Afrika Mashariki. Zilipita juu ya mikoko ya Rufiji, zikalazwa ufukweni Mafia, na mwaka 1916 zikadondosha mabomu Kigoma.

Anayeunda modeli ya ndege ya namna hii hukutana na maswali ambayo vitabu vingi vya vita huyapita haraka. Vitabu huhesabu mizinga na kutaja vyeo vya makapteni. Modeli inakulazimisha uulize kila kiungo kilishikwa na nini, kilisafirishwa vipi mpaka hapa, na kilistahimilije jua na chumvi. Ukiyafuata maswali hayo, kisa chote kinageuka sura. Mara nyingi ndege hizi hazikuangushwa na Wajerumani. Zilishindwa na joto, unyevu na mawimbi.

Kabla ya 1914: kupaa kutoka majini

Tarehe 28 Machi 1910, Mfaransa Henri Fabre alipaa kutoka juu ya maji karibu na Martigues, kusini mwa Ufaransa, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake kwa nguvu ya injini. Mwaka uliofuata Mmarekani Glenn Curtiss naye akafaulu, na haukupita muda akawa anauza ndege ambazo kiwiliwili chake chenyewe ni mashua. Waingereza wengi walipendelea muundo mwingine: ndege ya kawaida iliyosimamishwa juu ya maboya mawili, na boya dogo la tatu chini ya mkia.

Wakuu wa majeshi ya majini walivutiwa upesi. Manowari iliyobeba ndege ingeona mbali kupita mlingoti wowote. Tatizo lilikuwa nafasi, kwa sababu mabawa yalikuwa mapana kuliko sitaha ya meli nyingi. Ndugu watatu wa ukoo wa Short, Horace, Eustace na Oswald, wakapata jibu: mabawa yanayokunjwa kuelekea nyuma kwa bawaba, kama mlango unavyofungwa ukutani. Ndege zao zikapewa jina la Short Folder, na mwaka 1913 zilikuwa zimeanza kujaribiwa na jeshi la majini la Uingereza.

Inafaa kutazama zilivyoundwa, kwa kuwa yote yaliyofuata yametokana na hapo. Mifupa ilikuwa ya mbao. Juu yake kilivutwa kitambaa cha kitani, kikapakwa dawa ya kukikaza mpaka kikalia kama ngozi ya ngoma. Mabawa ya juu na ya chini yalishikamana kwa nguzo za mbao na nyaya za chuma zilizopishana. Rafadha ilichongwa kutoka kwenye mbao zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka. Na gundi nyingi za wakati ule zilipikwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi hiyo ni imara sana mahali pakavu penye baridi; ikikutana na joto na unyevu kwa pamoja, hulainika.

Septemba hadi Novemba 1914: manowari ndani ya mikoko

Vita ilipoanza, manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, ilikuwa katika Bahari ya Hindi. Ilikuwa na mizinga kumi ya milimita 105 na kasi iliyozishinda meli nyingi za Waingereza katika maji haya. Mwezi Agosti iliikamata meli ya mizigo City of Winchester karibu na Oman. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba ikaikuta HMS Pegasus imetia nanga Unguja, injini zikifanyiwa matengenezo, ikaipiga mizinga mpaka ikazama.

Baada ya hapo Looff akaingia kujificha kwenye delta ya Rufiji. Injini zake zilikuwa zimechoka na makaa yalikuwa haba. Sehemu zilizoharibika zilipelekwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa vivyo hivyo, kwa mabega ya wapagazi wa Kiafrika. Manowari ilikaa juu ya mto, nyuma ya mikandaa mirefu, mahali ambapo meli kubwa za Waingereza hazingefika kwa uchache wa kina cha maji. HMS Chatham iliigundua mwishoni mwa Oktoba. Waingereza wakazamisha meli kuukuu, Newbridge, katika mkono mmoja wa mto ili kuuziba, lakini Rufiji haina mlango mmoja. Ina mikono mingi inayoingiliana, na Königsberg iliweza kuhama kutoka mahali hadi mahali bila kuonekana kutoka baharini.

Ndipo lilipokuja wazo la kuitafuta kwa ndege.

Novemba na Desemba 1914: Cutler na rejeta ya Ford

Jeshi la majini halikuwa na ndege hata moja upande huu wa dunia. Huko Durban, hata hivyo, alikuwapo rubani wa kiraia, Herbert Dennis Cutler, na ndege-mashua ya Curtiss iliyokuwa ikirushwa ili watu waifurahie. Cutler alipewa cheo, ndege yake ikapakiwa kwenye meli Kinfauns Castle, na katikati ya Novemba wakawa wamefika Nyororo, kisiwa kidogo karibu na Mafia.

Ndege iliyokuwa ikifanya maonyesho ufukweni Durban ilitakiwa sasa kuvuka bahari ya wazi, kuingia juu ya msitu wa mikoko na kurudi. Rejeta yake haikustahimili. Suluhisho lililopatikana ni la fundi gereji yeyote: ikatafutwa rejeta ya gari la Ford huko Mombasa, ikaletwa kwa meli, ikafungwa kwenye ndege. Katika safari yake ya kwanza ya upelelezi, tarehe 19 Novemba, Cutler alipotea katika mawingu na mvua, akatua karibu na kisiwa cha Okuza na kukaa huko mpaka alipotafutwa. Siku chache baadaye aliiona Königsberg. Kiwiliwili cha ndege kilikuwa kimeumia, ikabidi kingine kiletwe kutoka Durban. Makamanda hawakuwa na hakika na taarifa ya mtu mmoja, kwa hiyo kapteni wa Kinfauns Castle mwenyewe akapanda naye kwenda kushuhudia.

Tarehe 10 Desemba injini ilizimika Cutler akiwa juu ya delta. Akatua mtoni na kukamatwa. Chombo cha Waingereza kiliingia kwenye mlango wa mto, kikaikokota ndege chini ya risasi na kuitoa, lakini rubani alikuwa ameshachukuliwa.

Nimeona watu wakimtaja Cutler kwa mstari mmoja, kama kituko cha kuchangamsha habari. Anastahili zaidi ya hapo. Kwa mashine ya kiraia na kipuri cha gari, alipata jibu ambalo kundi zima la manowari lilikuwa limekosa: Königsberg iko wapi hasa, na ya kwamba bado inaweza kusogea.

Februari hadi Julai 1915: gundi, joto na Mafia

Waingereza waliitwaa Mafia mwezi Januari 1915. Februari, Luteni John Tulloch Cull akafika na ndege mbili za Sopwith 807. Ndizo ndege za jeshi hasa, zenye injini ya Gnome ya nguvu-farasi 100, na matumaini yalikuwa makubwa. Hazikufaa. Hewa ya pwani yenye joto ni nyepesi, mabawa hupata mshiko mdogo, na injini hupungukiwa nguvu. Hapa Sopwith ikibeba mtu wa pili na mabomu ilikataa kuinuka. Juani, viungo vilivyobandikwa vililegea na rafadha zikapinda na kuachana tabaka.

Mwezi Aprili zikaletwa Short Folder tatu kwenye meli Laconia. Hazikuwa mpya, zilikuwa zimeshatumika na kutiwa viraka. Lakini injini yao ya nguvu-farasi 160 ilitosha kuziinua, ingawa kwa shida. Tarehe 25 Aprili Cull aliruka akapita juu ya Königsberg akiwa chini ya mita 300, akapiga picha. Katika kimo kile hata bunduki za askari waliojificha kwenye mikoko zilimfikia, na alirudi injini ikiwa imepigwa.

Anayeunda modeli ya Short Folder atakuwa na kazi kubwa mahali pawili. Pa kwanza ni bawaba za mabawa, penye nguzo na nyaya zinazokutana kwenye kona moja. Ukifunga uzi mmoja kwa kukaza kupita kiasi, bawa linapinda na nyuzi nyingine zote zinalegea. Mafundi wa jeshi ufukweni walikuwa na tatizo lile lile, ila wao walikuwa na mbao halisi, zilizovimba usiku kwa umande na kukauka mchana kwa jua, kwa hiyo nyaya zilizokazwa asubuhi hazikuwa sawa ifikapo adhuhuri. Mahali pa pili ni maboya. Yalikuwa makasha mepesi ya mbao, yakiingiza maji taratibu, na kila lita iliyoingia ilikuwa mzigo ambao injini ilipaswa kuuinua. Ukiyashika maboya yale mkononi, hata kwa kipimo kidogo, unaelewa kwa nini picha nyingi za ndege za majini za enzi hiyo zinaonyesha watu wamesimama majini wakiishikilia: haikuwa mashine ya kuachwa peke yake hata dakika chache.

Waingereza hatimaye walibadili mpango. Mwezi Juni, Kamanda Robert Gordon alileta ndege za magurudumu, Caudron mbili na Henri Farman mbili, na kipande cha ardhi Mafia kikasafishwa kuwa uwanja wa kutua. Wakati huohuo zikafika manowari mbili fupi za kina kidogo, Severn na Mersey, zilizoundwa awali na kampuni ya Vickers kwa ajili ya mito ya Brazil, zikakokotwa safari ndefu kutoka Malta.

Shambulio la kwanza lilikuwa tarehe 6 Julai na halikufaulu. La pili likaja tarehe 11 Julai. Cull alikuwa rubani, Mkanada Harwood James Arnold akituma ishara kwa simu ya upepo kuwaeleza wapiga mizinga kila kombora limeanguka wapi: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Makombora yakaanza kumfikia mlengwa. Ndege nayo ikapigwa, injini ikafa, na wakati inashuka Arnold aliendelea kutuma masahihisho, pamoja na ombi la kutumiwa mashua. Waliangukia mtoni karibu na Mersey, ndege ikapinduka, wote wawili wakaokolewa. Looff, akiwa amejeruhiwa, aliamuru manowari yake ilipuliwe.

Kwa hiyo ndege iliyokuwa angani siku ya ushindi haikuwa ya majini. Bado ndizo ndege za majini zilizoshikilia kazi ile kwa miezi minane, tangu Cutler mpaka Cull, na bila picha na taarifa zao Severn na Mersey zisingejua ziingie mkono gani wa mto.

1913 hadi 1915: meli iliyokuja kwa makreti

Wajerumani hawakuiacha mizinga ya Königsberg ioze. Waliiopoa yote kumi, wakaiundia magurudumu, na ikapigana nchi kavu. Mmoja ukasafirishwa kwa Reli ya Kati hadi Kigoma, ukafungwa kwenye meli ya Graf von Götzen.

Historia ya meli hiyo ingemfurahisha mtu yeyote aliyewahi kufungua boksi la modeli. Iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makreti yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa Kigoma. Mafundi watatu kutoka Papenburg waliongoza kazi ya kuiunga upya, na tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa ziwani. Ilikuwa na urefu wa mita zipatazo 70, na hakuna chombo kingine Ziwa Tanganyika kilichoikaribia.

Waingereza walijibu kwa mashua mbili za kasi, Mimi na Toutou, zilizopitishwa Kongo kwa reli, matrekta ya mvuke, ng'ombe na mito. Zilikamata Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuzamisha Hedwig von Wissmann tarehe 9 Februari 1916. Kwa Götzen na mzinga wake hazikuthubutu. Wabelgiji, waliokuwa wakijiandaa kuvuka kuingia Kigoma na kuelekea Tabora, wakaona kwamba adui huyo anafikika kwa juu tu.

1916: Short 827 Ziwa Tanganyika

Uingereza ikawaazima Wabelgiji ndege nne za Short 827. Hii ilikuwa ndege ya watu wawili, injini ya Sunbeam ya nguvu-farasi 150, mabawa ya mita 16.43, urefu wa mita 10.74, kasi isiyozidi sana kilomita 100 kwa saa. Ziliundwa 108 kwa jumla, nyingi katika viwanda vilivyopewa kandarasi, na katika Bahari ya Kaskazini zilifanya doria isiyo na sifa kubwa. Hakuna aliyeibuni akiwa na Kongo akilini.

Zilitoka Uingereza Januari 1916 zikiwa kwenye makreti. Zikapita Boma hadi Matadi, kisha zikapanda treni hadi Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Zikapanda Mto Kongo kwa meli hadi Stanleyville, yaani Kisangani. Kisha reli kuyapita maporomoko, mto tena, reli tena kutoka Kindu hadi Kongolo, mto hadi Kabalo, na reli ya mwisho mpaka ziwani. Kila reli ilipoishia na mto ulipoanzia, kreti zilishushwa na kupakiwa upya kwa mikono. Ukikumbuka kwamba ndani yake mlikuwa na mbavu za mbao nyembamba kama rula na kitani kilichokwisha kukazwa, utashangaa kwamba kilifika cha kuungwa.

Kituo kilianzishwa upande wa Mtoa, karibu na Albertville, ambayo sasa ni Kalemie. Ziwa Tanganyika si bwawa. Lina mawimbi ya bahari, na kwa maboya ya mbao hilo ni hatari. Wabelgiji wakapata hifadhi kwenye maji tulivu ya Tongwe, ziwa dogo pembeni ya ziwa kubwa. Kamanda alikuwa Philibert de Bueger, na miongoni mwa marubani wake walikuwa Aimé Behaeghe, Tony Orta na Castiau. Mwezi Mei ndege ya kwanza ikapaa.

Tarehe 10 Juni 1916, Behaeghe akiwa na mwangalizi wake Collignon alivuka ziwa na kudondosha mabomu Kigoma, akiilenga Götzen. Safari nyingine zikafuata. Wapiganaji wa angani waliamini wameiumiza meli. Nionavyo mimi, madhara makubwa hayakuwa kwenye chuma bali kwenye hesabu za Wajerumani: bandari waliyoiona salama haikuwa salama tena, na mzinga wa milimita 105, uliohitajika zaidi nchi kavu, uliondolewa melini na mahali pake pakawekwa wa mbao. Majeshi ya Kibelgiji yalipokaribia kwa miguu, mafundi wale wale wa Papenburg waliipaka mitambo grisi nzito ili siku moja iweze kuopolewa, na tarehe 26 Julai meli ikazamishwa na wenyewe. Siku mbili baadaye Kigoma ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji, na Septemba Tabora nayo ikachukuliwa.

Kazi ya Short 827 ikaishia hapo. Behaeghe hakurudi kwao. Alifariki Niemba tarehe 3 Desemba 1916.

Kilichobaki

Grisi ya mafundi ilifanya kazi yake. Götzen iliopolewa mwaka 1924 na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba, jina ambalo vizazi vya abiria wa Kigoma, Kasanga na Mpulungu wanalijua vizuri. Mzinga mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Mabaki ya manowari yenyewe yalionekana Rufiji kwa miaka mingi mpaka tope likayafunika.

Chuma kimebaki. Mbao, kitani na gundi havikubaki. Kwa familia nzima ya ndege za Short za vita ile, kipande mashuhuri kilichohifadhiwa ni sehemu ya kiwiliwili cha Short 184 iliyoruka katika vita vya Jutland, kilichopo kwenye makumbusho ya Yeovilton, Uingereza. Anayetaka kuunda Short 827 ya Tongwe hana budi kutegemea michoro na picha zisizo na rangi. Kwa kipimo cha 1/72 mabawa yake yatafika sentimita 22.8 na urefu wake sentimita 14.9, ukubwa unaokaa vizuri kwenye rafu. Rangi ya kuanzia ni ile ya kitani kilichopakwa dawa, njano iliyofifia, na kwa maboya na rafadha ni mbao zilizotiwa vanishi, tabaka zake zionekane.

Wengi watataka kuionyesha ikiwa angani juu ya Kigoma. Mimi ningeionyesha ufukweni, nusu nje ya makreti, kwa sababu tangu Januari hadi Mei 1916 ilikuwa bado ndani ya makreti au ikiungwa. Bawa moja limekunjwa na jingine halijafungwa bado, maboya yamelazwa kwenye magogo, injini ya Sunbeam iko wazi bila kifuniko. Pembeni wawepo mafundi wawili watatu wa Kizungu, na wapagazi wengi zaidi yao, kwa uwiano uliokuwapo kweli njiani kutoka Kabalo. Sanamu ndogo za wapagazi wa aina hiyo ni nadra kupatikana madukani, kwa hiyo itabidi kuzichonga mwenyewe au kubadili za askari kwa wembe na lahamu ya plastiki, moja moja.